Shikamoo Haikaliki

Hotuba kwa wenye maduka, wauza dawa na mawakala wa pesa za simu wa Ngamiani, Tanga

Mwenyekiti wa mtaa, wenye maduka, wauza dawa, mawakala, mama lishe, mafundi cherehani, na nyinyi vijana wa bodaboda mlioingia kwa kuwa mmesikia kuna soda: asalaam aleikum, Bwana asifiwe. Walionizidi umri, shikamooni. Naona wawili tu, pale nyuma. Waliobaki, nasubiri zangu.

Marahaba. Marahaba, wanangu.

Hizo shikamoo mlizonipa sasa hivi ndizo zilizonileta. Mtoto wa Tanga adabu ya mdomo hafundishwi, anazaliwa nayo. Nikitoka nyumbani asubuhi kwenda kutafuta samaki, mpaka nirudi nimeshaamkiwa na wenye maduka mara ishirini na kitu, watoto wa shule sijawahesabu. Siku moja nikasema ngoja leo nihesabu na kingine: nimekaribishwa kukaa mara ngapi. Nilirudi na shikamoo ishirini na sita, kiti hakuna. Kwenye duka moja nilisimama dirishani, mbele ya nondo, muda wa kutosha wali kuungua, namngoja kijana aliyekwenda kutafuta chenji ya msimbazi. Aliniamkia wakati anatoka, akaniamkia tena wakati anarudi. Kijana mzuri, kalelewa. Lakini goti langu la kushoto halikupata nafuu kwa zote mbili. Shikamoo haikaliki.

Kwa wasionijua, mimi nilikuwa muuguzi. Miaka 34, na 11 ya mwisho nilikuwa kliniki ya macho. Sasa nimestaafu, nina goti bovu, nina presha, nina miwani ya karibu na miwani ya mbali, na sikumbuki hii niliyovaa ni ipi. Sikuja kuomba huruma. Wala sikuja kuomba wazee wapunguziwe bei. Kupatana bei nawashinda nyote humu ndani. Nimekuja kama mteja anayewaambia wazi kwa nini siku hizi ananunua kwa jirani yenu.

Nianze na hela, maana bila hela nusu yenu mtaanza kuchezea simu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamwita mzee mtu wa miaka 60 kwenda juu. Haya, utazameni mji wetu. Tanga ni mji wa reli, bandari, mkonge na viwanda. Waliofanya kazi huko enzi zile ndio hawa mnaowaona wakiburuta kandambili hapo nje. Wenye pensheni wanachukua pensheni. Wasio nayo wanatumiwa na watoto: wa Dar anatuma, wa Arusha anatuma, wa Muscat anatuma. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba, tangu Aprili 2016 kila aliyefika miaka 70 anapewa pensheni jamii na serikali yao, hata kama hakuajiriwa siku moja maishani mwake. Ilianza shilingi 20,000 kwa mwezi, ikaja kupanda hadi 50,000. Kenya wana Inua Jamii, nayo miaka 70, shilingi 2,000 za kwao. Huku bara hatuna ya watu wote namna hiyo, na hilo nina maneno yangu ila leo si mahali pake. Ninachotaka mkione ni kwamba hela ya mzee haiendi mbali. Mzee hapandi basi kufuata bei Kariakoo. Haagizi mzigo Dubai kwa simu. Hela yake inaishia hapa hapa, kwenye duka analoweza kulifikia kwa miguu yake na kurudi salama.

Na hanunui chake peke yake. Sare za wajukuu nani anazipeleka kwa fundi? Mchele wa hitima, sukari ya arubaini, doti za khanga za kumtunza mwali, anayesema zikanunuliwe wapi ni bibi. Bibi akisema "kwa yule hapana, pale pananichosha", basi mkoba mzima umehama, na wewe hutaambiwa. Utasema biashara imekuwa ngumu. Utasema kuna mkono wa mtu. Utakwenda kwa mganga na jogoo mweupe, kumbe ni kizingiti chako cha mlangoni.

Sasa tuje kwenye hizo nyumba zenu. Kabla hatujawa na baraza la mawaziri na baraza la mitihani, baraza lilikuwa mahali pa kukaa. Kile kiti kirefu cha mawe na chokaa kilichoshikana na ukuta wa nyumba za pwani, Lamu, Mombasa, Unguja, na kwetu hapa. Mwenye nyumba alikaribisha wageni pale bila kuwaingiza kwa wake zake, mpita njia alipumzika, wachezaji bao walikosana na kupatana pale pale. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa miji iliyo rafiki kwa wazee, baada ya kuwasikiliza wazee wa miji 33, Nairobi ukiwamo. Mojawapo ya mambo yaliyomo ni kwamba mji uwe na mahali pa kukaa nje. Niliposikia hilo nilicheka peke yangu. Babu yangu alikuwa nacho, cha chokaa, na hakuandikiwa mwongozo na mtu.

Tumekifanya nini kile kibaraza? Tumekizungushia nondo. Bidhaa zimeongezeka, mwenye nyumba kapandisha kodi, basi kibaraza kimezibwa kimekuwa stoo ya magunia na kreti za soda, na mteja amebaki juani anaongea na dirisha. Nawaelewa. Wezi wapo, na kodi siwalipii mimi. Siwaambii mbomoe. Nawaambia nje ya nondo hizo wekeni kiti kimoja.

Ila si kiti chochote. Najua mtu atapindua kreti, aweke boksi juu, aseme bibi karibu. Kreti iko chini mno. Kukaa nitakaa, kuinuka mtaniitia crane ya bandarini. Kiti cha mtu mzima kiwe na kimo cha sentimita 45 hivi kutoka chini, na kiwe na mikono, kwa sababu mtu mwenye magoti yangu hasimami kwa miguu, anasimama kwa mikono. Kile cha plastiki cheupe chenye mikono, mnachokodisha kwenye maharusi, kinatosha kabisa. Kiegemezwe ukutani kisiteleze. Na kiwe kitupu! Lipo duka hapa, silitaji, lina kiti kizuri sana, na siku zote kimekaliwa na rafiki wa mwenye duka anayetazama mpira kwenye simu.

Halafu hiyo ngazi. Masika maji yanaingia, mkainua sakafu, haya, sawa. Lakini fundi aliyemwaga zege alikuwa anafikiria maji, hakufikiria mtu. Kutoka barabarani hadi mlangoni imekuwa hatua moja ya kimo cha goti. Wajenzi wana kanuni yao ya mteremko, moja kwa kumi na mbili: kila sentimita moja unayopanda, mteremko uende mbele sentimita 12. Kizingiti cha sentimita 15 kinataka mteremko wa sentimita 180. Wengi wenu mbele ya duka hamna nafasi hiyo, mtaingia barabarani. Basi mkate ile hatua moja iwe mbili fupi, ukingo wa kila moja upakwe rangi nyeupe ionekane, na pembeni mchomelee bomba la kushika. Fundi wa mageti anamaliza kazi hiyo kabla ya adhuhuri. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010 na inataka mahali panapohudumia watu pafikike, lakini sikuja kuwatisha kwa sheria. Nawatisha kwa yule bibi mwenye mkoba.

Na nyinyi wa bodaboda msicheke. Mkizipanga pikipiki zenu mlangoni kama ukuta, bomba la chuma la moto liko usawa wa muundi wangu.

Nilikaa kliniki ya macho miaka 11, kwa hiyo hapa mtanivumilia kidogo. Kuanzia miaka ya arobaini jicho la kila mtu linaanza kukataa vitu vya karibu. Ndipo mnamwona mtu anasoma ujumbe wa simu kanyoosha mkono kama anajipiga picha. Ukifika sitini mboni haifunguki kama zamani, na lenzi imeshaingia umanjano, hata mwanga unaofika ndani kabisa ya jicho ni kama theluthi tu ya ule unaofika kwenye jicho la kijana wa miaka 20. Duka ambalo wewe unasema lina taa, mimi nimeingia pangoni. Ukija na mtoto wa jicho ndio kabisa: buluu, zambarau na kijani vyote vinakuwa ndugu wa tumbo moja.

Sasa toeni noti mifukoni, msiogope, sichangishi. Elfu moja ni ya buluu. Elfu tano ni ya zambarau. Saa kumi na mbili jioni, chini ya balbu moja yenye vumbi la tangu Ramadhani ya mwaka juzi, mimi niliyekuwa nawapima watu macho nilimpa muuza mkaa elfu tano nikidhani elfu moja. Akanirudishia. Akaniambia, "Bibi, hii ni tano." Tangu siku ile mkaa nanunua kwake, na bei yake si nzuri.

Kwa hiyo mkipokea hela ya mtu mzima, isemeni. "Umenipa elfu tano, sukari elfu tatu, chenji yako elfu mbili." Kisha chenji iwekwe mkononi, noti moja moja, sarafu moja moja. Hii desturi ya kumwaga sarafu kwenye bati la dirishani zikatawanyika, halafu mtu mwenye ganzi ya sukari vidoleni ahangaike kuziokota wakati foleni inakoroma nyuma yake, hii muiache. Taa iwe juu ya mahali pa kulipia, isiwe nyuma ya muuzaji, maana ikiwa nyuma yako nakuona kivuli tu, na kivuli kinanidai elfu nane. Bei ziandikeni kwa maka pen nene kwenye kipande cha boksi. Kalamu ya wino waachieni madaftari ya madeni, yale ninyi wenyewe mnayaona hata gizani.

Masikio nayo. Sikio halizeeki lote kwa siku moja. Linatangulia kupoteza sauti nyembamba, zile za s, f, t. Sasa jiulizeni: sita na tisa zinatofautiana nini? Herufi zile zile, zimebadilishana nafasi. Mzee anasikia "elfu i-a". Anaona aibu kuuliza mara ya tatu, anatoa noti ya kumi anyamaze, na akifika nyumbani anaulizwa kitenge umenunua bei gani, hajui. Kumpigia kelele hakusaidii, kunamwambia tu mtaa mzima kwamba hasikii. Mtazame usoni, mdomo wako uonekane, sema taratibu, na bei mwonyeshe kwa kikokotoo. Na lile spika mlilofunga mlangoni, linaloimba "elfu tano, elfu tano, chagua" tangu saa mbili asubuhi, nikiingia lizimeni dakika mbili. Nikishatoka endeleeni na dhambi zenu.

Wauza dawa, na nyinyi nina moja tu, ila ni kubwa. Bahasha. Mnaandika "1x3" mnampa mtu. Nyinyi mmesoma, mnajua ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Mimi kazini nilishampokea mama aliyekuwa anameza vitatu mara moja, asubuhi, halafu anashinda analala. Alifuata maandishi. Chora jua linalochomoza, chora jua la utosi, chora mwezi, chini ya kila picha weka vitone kama idadi ya vidonge. Kalamu unayo, bahasha unayo.

Sasa mawakala, na hapa ndipo moyo unaponiuma.

Nilikuwa kwenye foleni ya wakala mmoja, si mbali na hapa. Mbele yangu mzee mmoja, mstaafu, kofia yake ya viua imefuliwa ikanyooka. Zamu yake ilipofika akampa binti simu, pamoja na kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Binti akakikunjua. Ndani mlikuwa na namba ya siri. Mwandiko wa mzee ulikuwa unatetemeka, binti akataka kuhakikisha, akauliza kwa sauti, "Babu, hii ni moja au saba?" Babu akajibu kwa sauti, "Saba, mama." Ukimtoa babu, tulikuwa watu wanne pale. Wote wanne tukaijua. Vijana wawili nyuma yangu siwajui ni watoto wa nani.

Yule binti hakuwa mwizi. Alikuwa na haraka, na aliona anamsaidia. Na yule babu hakuwa mjinga, amehesabu mabehewa ya reli miaka yote. Tatizo ni kwamba kupiga namba zile mwenyewe, kwenye kioo kinachojizima kabla hajaona vizuri, kungemchukua dakika tatu, na hakuna aliyekuwa tayari kumpa dakika tatu. Naye aliona aibu kuziomba.

Dakika tatu ndizo ninazowaomba leo, na kile kiti. Mzee akae, simu abaki nayo mwenyewe, wewe umwelekeze kwa mdomo: "Babu, bonyeza hapo chini kulia. Sasa namba yako ya siri, mimi nageukia huku." Ugeuke kweli. Kidole kikiwa kikavu kioo hakikisikii. Kitambaa chenye unyevunyevu pale mezani kinamaliza shida. Mkimaliza, salio lisomwe na yeye mwenyewe, au umwonyeshe kimya kimya, usilitangaze. Na muandike ukutani kwa herufi kubwa: HAPA HATUPOKEI NAMBA YA SIRI YA MTEJA. Mzee akikupa kikaratasi unamwonyesha ukuta, unasema ni amri ya duka, naye haoni kama umemkatalia.

Mnakumbuka usajili wa laini kwa alama za vidole. Mwisho ulikuwa 31 Desemba 2019, ukasogezwa mpaka 20 Januari 2020. Watu waliokata mkonge na kushika jembe maisha yao yote vidole vimelainika kama sabuni, wanaweka, wanatoa, mashine haioni kitu. Mtaani kwangu kuna mzee alirudishwa mara tatu. Siku ya tatu alinipitia, akakaa kwenye mkeka, akaviangalia vile vidole. Akasema, "Kumbe nilikwisha kufutika." Alicheka, lakini chai hakuimaliza.

Nakumbuka jambo jingine, na hili linanihusu mwenyewe. Nilikwenda kununua friji. Nilikwenda na mjukuu wangu wa darasa la sita, anibebee mwavuli. Kijana wa dukani akanipokea kwa shikamoo moja safi, ameinama hadi nikaona utosi wake. Nikaitika. Halafu akamgeukia mtoto: "Bibi anataka friji la lita ngapi?" Mtoto akanitazama. Nikajibu mimi. Akamwambia mtoto, "Mwambie hili lina waranti ya mwaka mmoja." Mwambie! Nipo pale, nimesimama kati yao kama friji lenyewe. Laki sita hazikuwa kwenye begi la mtoto, zilikuwa hapa kifuani, na hapa kifuani nikarudi nazo nyumbani. Ile shikamoo ilikuwa mlango wa kunifungia nje. Ukishaniamkia, zungumza na mimi. Nikishindwa kuelewa, nitamwuliza mjukuu mwenyewe.

Na tukiwa hapo hapo: si kila mwenye mvi ni bibi. Wako wanawake wa miaka 60 humu mjini ukiwaita bibi wanakununia mwezi mzima. Ukiwa na wasiwasi sema mama. Hakuna aliyewahi kugombana na mtu kwa kuitwa mama.

Choo nitakisema haraka, kwa kuwa tunakula baadaye. Vidonge vingi vya presha vinakojoza. Mzee aliyemeza chake asubuhi, akitoka hapangi safari kwa maduka, anaipanga kwa vyoo. Ndiyo maana wengine wameacha kabisa kwenda mjini, mnasema wamekuwa wavivu. Kama una choo, mruhusu bila kumfanya aombe mara mbili. Kama huna, jua cha jirani, jua cha msikitini, umwelekeze. Kisiwe mbali, wala kisiwe na mlango unaofungwa kwa kamba.

Nimewahi kusikia habari moja ya Uholanzi. Kampuni ya maduka ya Jumbo, mwaka 2019, katika mji wa Vlijmen, walitenga kaunta moja ya kulipia kwa wateja wasio na haraka, wanaopenda kupiga soga na keshia. Wakaipa jina, Kletskassa. Nyuma yake hakuna anayekoroma, kila mtu amekuja kuzungumza. Ikapendwa, na 2021 wakatangaza wataziweka kwenye maduka 200. Mimi nikasema, subhanallah, Wazungu wamegundua duka la Mpemba! Ile unayoingia kununua kibiriti ukatoka na habari za msiba wa Wete, posa ya Chake na bei ya karafuu. Sisi tulikuwa nayo, na sisi ndio tunaitupa, ili tuonekane tuna haraka kama watu wa Kariakoo. Tanga, waja leo waondoka leo. Sasa nyinyi mnataka nije na kuondoka kwa dakika moja?

Najua mtakachosema nikitoka. Mtasema ukiweka kiti, wazee watajazana pale kuanzia asubuhi, wasinunue kitu, wabaki kuhesabu nani kaingia na nani katoka. Ni kweli. Mimi mwenyewe nitakuwepo. Nitakaa, nitapumua, nitauliza mama yako hajambo, na pengine siku hiyo nitanunua chumvi ya mia tano tu. Sitawadanganya kwamba kila anayekaa ananunua. Lakini nimefanya hesabu yangu ya kiuguzi. Muuza kahawa hupitia penye watu waliokaa. Anayepita akamwona shoga yake amekaa, husimama. Na bibi aliyekaa kwako siku nne bure, siku ya tano mwanawe akituma hela ya Iddi, haanzi kuzunguka mji mzima. Yuko kwako tayari, ameshaviona vitambaa vyote na anajua kipi kimechubuka.

Wengine mtasema hamna uwezo. Kiti mnacho, kiko uani. Maka pen mnayo. Balbu ipanguseni vumbi. Bomba la kushika ndilo litakaloomba hela kidogo, na hapo wenye maduka yaliyoshikana mnaweza kuchangia bomba moja refu likapita mbele ya milango mitatu. Ikiwa kuna fundi wa mageti humu ndani, asitutolee macho, atutajie bei ya ujirani.

Basi maneno yatoshe. Nimeongea na mwenyekiti, soda hazifunguliwi bado. Kwanza tunatoka. Katika kikapu hiki nina miwani kumi na miwili ya zamani, nimeipaka mafuta ya mgando kwenye vioo. Nina pamba. Nina choroko kavu kilo moja. Choroko ni za kutia ndani ya viatu, kiganja kimoja kila kiatu, pamba masikioni, miwani usoni. Mtakwenda kwa zamu, wawili wawili, kuanzia duka la kona mpaka duka la dawa. Kule kwenye kona mtanunua sukari robo kwa noti ya elfu kumi na mhesabu chenji. Kwa wakala mtaweka elfu mbili kwenye simu, bila kumpa mtu namba ya siri. Kwenye dawa mtanunua ya kichwa na mtuambie bahasha imeandikwa nini.

Mwenye duka la kona, nani amekaa dukani sasa hivi? Mdogo wako? Vizuri. Asipigiwe simu kwamba tunakuja.

Wewe mwenye fulana nyekundu, choroko hizo ni za viatuni, acha kutafuna. Nipeni mkono hapa kwenye ngazi. Mimi natangulia, na mwendo wangu ndio huu, asinipite mtu.